Kuli wa Kusini Yuko Wapi? Kuisoma Upya Riwaya ya "Kuli"

Utangulizi

Riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi ilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1979. Tangu hapo imehakikiwa mno, na uhakiki wenyewe umejijengea mtindo wake. Mhakiki anataja dhamira ya unyonyaji, anataja umoja na mshikamano, anamsifu Rashidi kwa ujasiri, anasema mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa, anafunga daftari, anakwenda zake. Sibishani na hayo. Mwandishi kafaulu kweli. Lakini uhakiki ukikomea hapo unakuwa sawa na kupakua magunia ya juu tu na kuliacha tumbo la meli limejaa.

Makala haya yanauliza swali moja: katika Kuli, ujuzi wa mgomo uko kwa nani? Nani anajua, nani anafundishwa? Ukilitazama vizuri, swali hili linahusu maudhui na fani kwa pamoja. Linahusu wahusika walivyopangwa, mazungumzo yalivyogawanywa, na nani kapewa nafasi ya kusema. Ninaliuliza kutoka Mtwara, mji uliozaliwa kwa ajili ya bandari, ambao makuli wake hawana riwaya inayotajwa madarasani. Hoja yangu ni kwamba Kuli imetuzoesha kuuona mgomo kama somo linalotoka kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi, wakati historia ya pwani hii inaonyesha kwamba mgomo ulikuwa habari iliyobebwa na watu wanaohama. Tofauti hiyo si ndogo. Ndiyo inayoamua nani atakumbukwa.

Historia iliyo nyuma ya hadithi

Kuli inasimama juu ya tukio la kweli, yaani mgomo wa Unguja wa Agosti na Septemba 1948, ulioanzia kwa makuli wa bandarini ukaenea mpaka mji ukasimama. Wahakiki wengi hulitaja tukio hili kama vile lilidondoka kutoka mbinguni. Halikudondoka. Mwaka 1939 makuli wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam waligoma katika majira yaleyale, wakipishana kwa wiki chache tu. Januari 1947 Mombasa nzima iligoma. Septemba 1947 ikawa zamu ya makuli wa Dar es Salaam, na mgomo wao ukapanda reli ya kati, stesheni kwa stesheni, ukaingia bara. Mwaka uliofuata ndiyo Unguja.

Sasa hebu tujiulize: bandari hizi zilikuwa zinasikilizana vipi? Watu walikuwa wanasafiri. Baharia aliyelala Mombasa leo, kesho kutwa yuko Unguja. Kuli aliyefukuzwa Tanga alitafuta kazi Dar es Salaam. Mshahara wa bandari moja ulijulikana katika bandari nyingine kabla serikali haijauchapa katika taarifa zake. Na Unguja yenyewe, miongoni mwa makuli waliogoma 1948, wengi walikuwa watu waliotoka bara.

Wakati huohuo huku kusini kulikuwa na jambo lake. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947, na kwa upande wetu ulilenga Nachingwea. Ili karanga zisafirishwe, ikaamuliwa ijengwe bandari mpya ya kina kirefu Mtwara na reli ya kuiunganisha na Nachingwea. Mji ukapimwa, watu wakakusanywa kwa maelfu kuja kufyeka, kuchimba na kutandika reli. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa. Bandari ilikamilika, karanga hazikuja, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Yaani makuli wa Mtwara walikusanywa katika miaka ileile ambayo makuli wa Unguja walikuwa wanagoma. Hadithi hii ina kichekesho na ina msiba, vitu viwili ambavyo mwandishi wa riwaya huvitafuta kwa tochi. Lakini ni Unguja tu iliyopata Kuli yake.

Mgomo kama somo

Turudi kwenye riwaya. Mhusika mkuu ni Rashidi, kuli mtoto wa kuli. Uamuzi wa kumfanya arithi kazi ya baba yake Majaliwa ni uamuzi mzuri wa kifani, kwa sababu unatuonyesha kwamba katika ukoloni hata umaskini unarithishwa kama shamba. Rashidi anaingia bandarini akiwa na hasira lakini hana lugha ya kuisemea hasira hiyo. Lugha anapewa na Faraji. Faraji ndiye anayejua. Ndiye anayeeleza kwa nini anayebeba mzigo hashibi na asiyebeba anashiba, kwa nini kuli mmoja akilalamika atafukuzwa lakini wote wakikaa chini meli haitapakuliwa. Rashidi anasikiliza, anauliza, anaelewa, na mwisho anakuwa mpiganaji.

Mpango huu tunaujua. Ni mpango wa fasihi ya uhalisia wa kijamaa, na wahakiki wengi wamekwisha kuifananisha Kuli na Mama ya Maxim Gorky ya mwaka 1906. Una faida zake. Unampa msomaji mgeni njia ya kuingilia, maana naye anajifunza pamoja na Rashidi. Tena Shafi ana bahati ya kuwa na sikio zuri. Mazungumzo yake ni ya watu wa Unguja hasa, hayanuki kitabu, na hata pale Faraji anapotoa darasa refu, lugha inalibeba.

Lakini mpango huu una gharama. Ujuzi ukishawekwa ndani ya mtu mmoja, wengine wote wanabaki kuwa chombo cha kumiminiwa. Makuli mamia kwa mamia waliogoma wanakuwa kundi: wanapiga kelele pamoja, wanakubali pamoja, wanasimama pamoja. Msomaji anaweza kumaliza kitabu akiamini kwamba Faraji asingalikuwepo, mgomo usingalikuwepo. Historia haikubaliani na hilo. Watu waliokwisha kugoma Mombasa, waliokwisha kusikia ya Dar es Salaam, hawakuhitaji kufundishwa kwamba meli isiyopakuliwa inamuuma tajiri. Hilo mgongo wao ulilijua. Walichohitaji ni kuaminiana, na kuaminiana ndiko kunakotaka riwaya.

Hapa tumtazame Ousmane Sembène wa Senegali. Riwaya yake ya mwaka 1960, Les bouts de bois de Dieu, inahusu mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar na Niger wa mwaka 1947 na 1948, yaani miaka hiyohiyo yetu. Naye ana kiongozi, Bakayoko, mtu wa maneno mazito. Lakini Sembène anafanya ujanja mmoja mkubwa: anamweka Bakayoko mbali. Kwa sehemu kubwa ya riwaya watu wanamtaja, wanamsubiri, naye hayupo. Mgomo unaendeshwa na vizee, vijana, vipofu na wanawake, katika miji mitatu, na kilele chake ni wanawake kutembea kwa miguu kutoka Thiès hadi Dakar. Kila mmoja ana kipande chake cha ujuzi, hakuna aliye nacho chote. Tunaposema fani inabeba itikadi, ndiyo hii. Waandishi wawili wana msimamo mmoja juu ya ubepari na ukoloni, lakini mmoja kaugawa ujuzi na mwingine kaulimbikiza.

Maneno yanayojua kuliko wahusika

Mtu anaweza kuniambia, bwana, wewe unadai makubwa, utathibitishaje kwamba mfanyakazi wa kawaida alikuwa na ujuzi wake? Nami ninajibu: tazameni lugha. Sisi wanafunzi wa fasihi tunakwenda mbali kutafuta nadharia za kitabaka na kuyaacha maneno ambayo wafanyakazi wenyewe waliyatunga au kuyapokea. Nitachukua manne.

La kwanza ni kuli, jina la riwaya yenyewe. Limevuka bahari kutoka Bara Hindi, likimaanisha mtu wa kukodiwa. Huko na huku lilikuwa jina la kudharau. Shafi kulipandisha mpaka jaladani ni tendo la kishairi, na ninadhani ndiyo hatua yake ya kimapinduzi kuliko hotuba zote za Faraji.

La pili ni kibarua. Kamusi za zamani zinalitoa katika neno barua: mtu alipewa kikaratasi cha siku, akakirudisha jioni apewe ujira. Katika Unguja ya karne ya 19 hata mtumwa alikodishwa kwa kibarua, na sehemu ya ujira ikaenda kwa bwana wake. Kwa hiyo mtu kaitwa kwa jina la karatasi yake. Na watu wakajibu kwa utani wao wenyewe. Mpaka leo mtu akifukuzwa kazi tunasema kibarua chake kimeota nyasi. Msemo huo una shamba, una kazi iliyoachwa, una kicheko cha mtu asiye na cha kupoteza. Hakuna msomi aliyewatungia.

La tatu ni kipande. Katika mashamba ya mkonge, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo hukumaliza kazi uliyopimiwa haikuandikwa, kwa hiyo mwezi wa kipande ungeweza kuvuka mwezi wa kalenda na kuingia wa pili. Fikiria maana yake: wakati wenyewe umekatwa vipande na tajiri, mwezi umerefushwa. Mzee aliyefanya kipande alijua jambo hili bila kusoma nadharia ya thamani ya ziada.

La nne ni manamba. Limetokana na namba, kwa sababu mtu aliyeandikishwa kwenda mashambani alipewa namba na kupakiwa. Kuanzia mwaka 1944 shirika la wenye mashamba la kuandikisha wafanyakazi, SILABU, lilikusanya watu kutoka pembe zote za Tanganyika, kusini ikiwamo, na kuwapeleka hasa mkoa wa Tanga. Wenye mashamba walitoa namba. Watu ndio walioongeza kile kiambishi cha ma- wakaifanya namba kuwa watu. Hapo ndipo penye uchungu wote wa neno hili, na uchungu huo hauna mtunzi anayejulikana.

Maneno haya manne ni uhakiki wa ubepari uliofanywa na wafanyakazi. Riwaya ya mgomo inayomfanya mfanyakazi asubiri kufumbuliwa macho inayatumia maneno haya kila ukurasa lakini haisikilizi yanachosema.

Waliovuka mto

Sasa nifike nyumbani. Anayekaa Mtwara hawezi kuzungumzia kazi bila kuzungumzia Ruvuma. Kutoka Msimbati kwenda mlangoni mwa mto, mpaka Kilambo kwenye kivuko, ng'ambo inaonekana kwa macho. Ng'ambo hiyo, mpaka mwaka 1929, ilikuwa chini ya Kampuni ya Nyassa, kampuni iliyopewa nchi na watu wake. Baadaye serikali ya Ureno ikaendelea na chibalo, kazi ya lazima, pamoja na kulazimisha kilimo cha pamba. Watu wakavuka. Wamakonde kwa maelfu waliingia Tanganyika, wakafanya kazi katika mkonge wa Mikindani na Lindi, wakapanda mpaka Tanga, wengine wakavuka bahari mpaka Unguja. Huku waliitwa Wamawia, na jina hilo lilitamkwa kwa dharau. Walipewa kazi ambazo wenyeji walizikimbia.

Kwa kawaida mtu wa namna hii ndiye anayesemwa hana mwamko: mgeni, hana shule, anachanja uso, anatafuta senti ya kodi. Lakini tazama alichokifanya. Wafanyakazi hao walianzisha vyama vya kusaidiana huko makazini, bandarini na mashambani, na katika vyama hivyo kikapatikana chama cha siasa cha MANU. Tarehe 16 Juni 1960, watu walikusanyika Mueda kusikiliza madai yaliyopelekwa kwa wakubwa wa Kireno na watu waliokuwa wamekaa Tanganyika, akiwamo Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane. Wareno wakapiga risasi. Miaka miwili baadaye, Juni 1962, MANU na vyama vingine viwili viliungana Dar es Salaam kuwa FRELIMO. Yaani manamba, yule aliyegeuzwa namba, alirudi kwao akiwa na chama mkononi.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Kila mwaka Mei Mosi tunaandamana na mabango, lakini wachache wanakumbuka kwamba chanzo chake ni Chicago, Marekani, wafanyakazi walipogoma Mei 1886 wakidai siku ya kazi ya saa 8. Siku chache baadaye bomu lilirushwa katika mkutano wa Haymarket, na mwaka 1887 watu 4 wakanyongwa. Kati ya hao, watatu walikuwa wazaliwa wa Ujerumani, wahamiaji. Marekani wenyewe wakachagua kuadhimisha sikukuu yao ya kazi Septemba, na Mei Mosi ikabaki kwa walimwengu. Mhamiaji ndiye anayeleta vuguvugu, na mhamiaji ndiye wa kwanza kufutwa kwenye hadithi. Sehemu nyingi ndivyo ilivyo.

Je, kuli huyu wa kusini hakuandika chochote? Aliandika, ila kwa patasi. Katika miaka ya 1950 mchongaji Roberto Yakobo Sangwani, Mmakonde kutoka Msumbiji, alianzisha mjini Dar es Salaam mtindo wa kinyago ambao sasa tunauita ujamaa: gogo moja la mpingo, watu wamepandana, huyu kambeba yule, yule kashikwa na mwingine. Wachongaji wengi wa kizazi chake walipitia mashamba ya mkonge. Kitazame kinyago hicho kwa macho ya mhakiki wa riwaya. Mhusika mkuu ni nani? Hayupo. Ukimtoa mmoja, wote wanaanguka. Mimi ninasema hiyo ni fani ya mgomo kuliko fani ya Rashidi na Faraji, na imekaa mbele yetu kwenye maduka ya watalii tukiipita.

Mgomo uliokwisha kupita

Lipo jambo la mwisho, ambalo wahakiki wetu wamelikwepa. Kuli ilitoka 1979 na inazungumzia 1948. Kwa nini nyuma kiasi hicho? Jibu la haraka ni kwamba mwandishi anaeleza historia ya Zanzibar kabla ya Mapinduzi. Sawa. Lakini tuangalie pia hali ya mgomo wakati kitabu kinachapwa.

Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lililoanzishwa 1955 na katibu mkuu wake wa kwanza akiwa Rashidi Kawawa, mtu wa kusini huku, lilikuwa nguzo ya kupigania uhuru. Uhuru ulipopatikana, sheria ya 1962 iliufunga mgomo kwa taratibu ndefu. Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mkonge, alipelekwa kukaa Sumbawanga. Mwaka 1964 TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA, na mwaka 1978 NUTA ikageuzwa kuwa JUWATA, jumuiya ya Chama. Mwongozo wa 1971 ulipomwambia mfanyakazi asikubali kunyanyaswa na viongozi, viwanda kadhaa viligoma, na mwaka 1973 wafanyakazi wa Mount Carmel Rubber walithubutu kukishika kiwanda wenyewe. Serikali iliwaondoa. Haki ya kugoma ilikuja kuandikwa wazi katika sheria ya ajira ya mwaka 2004.

Kwa hiyo mwaka 1979 mgomo dhidi ya Mwingereza ulikuwa hadithi ya kishujaa, na mgomo wa jana ulikuwa kesi. Simlaumu Shafi. Mtu aliyeandika kuhusu mgomo katika mwaka huo, na akaupenda mgomo kiasi kile, alikuwa na ujasiri wake, na msomaji mwerevu wa 1979 angeweza kusoma 1948 akafikiria 1973. Ninaowalaumu ni wahakiki tulioipokea Kuli kama kumbukumbu tu, tukasema unyonyaji ulikuwa wa mkoloni, mkoloni kaondoka, basi. Uhakiki wa namna hiyo unamgeuza Faraji kuwa sanamu ya kuvishwa taji.

Hitimisho

Kuli ni riwaya nzuri, na itabaki kuwa mlango wetu wa kuingilia fasihi ya wavuja jasho. Lakini mlango si nyumba. Nimejaribu kuonyesha kwamba mpango wake wa mwalimu na mwanafunzi unauficha ujuzi ambao umo katika lugha ya wafanyakazi wenyewe, kwamba katikati ya hadithi hakuna nafasi ya mhamiaji ambaye ndiye aliyebeba habari za migomo kutoka bandari hadi bandari, na kwamba mwaka wa kuchapwa kwake ni sehemu ya maana yake.

Kwa sisi tunaosoma fasihi huku kusini, kazi ipo. Wazee waliotandika reli ya Nachingwea wanatutoka. Waliofanya kipande Mikindani na waliovuka Kilambo na mabunda kichwani, waliobaki ni wachache. Anayetafuta mada ya tasnifu asihangaike kuhesabu tena dhamira za Kuli. Achukue daftari, avuke kwenda Msangamkuu au apande basi la Kitaya, aulize maneno ya kazi: mlikiitaje hiki, mlimwitaje yule msimamizi, mlipokataa kazi mlisema mnafanya nini. Neno moja la namna hiyo, likiandikwa na tarehe yake, litatufaa kuliko uhakiki wa kumi na moja wa ujasiri wa Rashidi.